Anayecheka Kwanza

Fundi wa friji aliuma shavu kwa ndani, akakunja vidole vya miguu ndani ya soksi, akajikaza kisabuni. Kwenye televisheni, kinyozi bahili alikuwa anamweleza mteja wake kwamba kichwa kikubwa namna ile hulipiwa kama vichwa viwili. Kando yake kwenye kochi, mke wa Fundi, mkunga, aliangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Mama, vyombo!" binti alipiga kelele, akirukaruka juu ya kochi. Kisha akamtupia Fundi jicho la pembeni, lile lile la kila Jumamosi, akaugeuza uso upesi.

Sheria ya nyumba hiyo ilikuwa moja tu: kipindi cha kinyozi kikianza, anayecheka kwanza anaosha vyombo vya mchana. Iliwekwa na baba yake binti, dereva wa lori, enzi za uhai wake. Fundi alipoingia katika nyumba hiyo, na sanduku lake la vifaa na mashati yasiyojaza hata nusu ya kabati, aliikuta sheria imekaa kama kuta zilivyokaa. Akaishika kwa mikono miwili. Mtu akiachiwa mchezo na marehemu, aliwaza, hauchezi ovyo. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza hakuwahi kushindwa, ingawa kuna Jumamosi alizoinuka kwenye kochi na ladha ya damu mdomoni.

Tena miaka mingi ya kuishi peke yake katika chumba cha kupanga ilikuwa imemzoesha kucheka kwa pua. Anayetazama vichekesho peke yake hana wa kumchekea.

Binti hakumkosea adabu. Alimwamkia asubuhi, akamwambia chai ipo, akamfikishia ujumbe wa mama yake, kila neno kana kwamba limepimwa kwa kijiko. Lakini mkunga akiwa zamu, binti alijifungia chumbani kwake na simu. Fundi hakuwa na tamaa ya makuu. Alitaka tu siku moja huyu mtoto akae naye sebuleni bila mama yake kuwa katikati.

Jumamosi ya kipindi cha mwisho, mkunga aliitwa kazini mchana, sahani zikiwa bado mezani.

"Watoto wanaozaliwa hawajui kama kuna kinyozi leo," alisema akitafuta viatu. "Mtanisimulia. Na msiruke kitu!"

Fundi aliwasha televisheni, akaketi pembeni kabisa mwa kochi, masikio yote yakiwa kwenye mlango wa chumba cha binti. Muziki wa kipindi ulipoanza, mlango ukafunguka. Binti akaja, akaketi upande wa pili, akaweka mto katikati. Fundi hakuthubutu hata kukohoa.

Siku hiyo jirani wa kinyozi, yule mzee aliyegombana naye tangu kipindi cha kwanza, alikuwa anahama. Anakwenda kuishi kwa mwanawe, mji wa mbali. Begi liko mlangoni, basi linakaribia kuondoka, naye anataka anyolewe kwa mara ya mwisho. Kinyozi akamnyoa kana kwamba anaaga unywele mmoja mmoja. Alibadilisha shuka. Alipaka mashine mafuta, akaifuta, akaipaka tena. Nusu ya kichwa ilipokuwa nyeupe na nusu bado nyeusi, akasimama ghafla.

"Umeme umekatika!"

Watazamaji waliorekodiwa wakacheka. Fundi akakunja uso. Kazi ni kazi, na ya kwake ilikuwa haimtoki hata Jumamosi.

"Umeme upo," alinong'ona. "Feni inazunguka."

"Shhh!" alisema binti, kisha naye akaiona feni.

Mzee jirani pia alikuwa ameinua macho. Akaitazama feni ikizipeperusha nywele zake sakafuni. Akalitazama begi. Akamtazama rafiki yake, aliyesimama wima na plagi ameificha nyuma ya mgongo. Basi likapiga honi nje. Mzee akaegemea kiti, akajifunika shuka vizuri.

"Si kitu," akasema. "Kuna basi la kesho."

"Kesho pia utakatika," kinyozi akajibu.

Safari hii hakuna aliyerekodiwa akicheka. Feni tu ndiyo iliyosikika.

Fundi alihisi kitu kinapanda kutoka chini ya kifua. Akadhani ni kicheko, akauma shavu kama kawaida. Haikusaidia, maana kitu chenyewe kilipitia machoni. Alikumbuka vyumba vyote alivyowahi kuhama, na milango ambayo hakuna aliyesimama kumchelewesha hata kidogo, na uchungu ukamshika, tena ukamshika pamoja na raha, kwa sababu kinyozi yule mjinga alikuwa amemfurahisha mno. Mabega yakaanza kutikisika.

"Fundi?" Binti alikuwa amegeuka mzima. "Unalia?"

"Silii." Chozi likaning'inia kidevuni. Akainua kidole kama wakili, sauti ikimtetemeka. "Lakini sijacheka. Sheria inasema kucheka. Kulia hakumo."

Binti alimkodolea macho, na mashavu yake mwenyewe yalikuwa yameloa. Midomo ikamcheza, akajaribu kuibana, ikamshinda. Akacheka mpaka akauangukia mto.

"Umecheka kwanza," Fundi alisema kwa huruma. "Lakini leo nitakusaidia kuosha."

"Jamani! Hivi kwa nini hutaki kushindwa?"

"Nishindwe? Mchezo wa baba yako, niuchezee ovyo?"

"Baba?" Binti alijiinua, akifuta macho. "Baba alishindwa kila wiki! Alikuwa anacheka hata kabla kinyozi hajafungua mlango. Mimi nilijua unatuona wajinga, umekaa tu kama nguzo."

Fundi alibaki kinywa wazi, na kwa kuwa kilikuwa wazi, akalivuta shavu kwa kidole. "Ona. Limeota sugu. Lile neno la vichwa viwili nusura liniue."

Binti akainama kuchungulia. "Kweli! Kuna alama za meno!"

Hapo ndipo kicheko kilipotoka. Kilianza kwa kukwama na kutetemeka kama friji kuukuu inayowashwa baada ya miaka, halafu kikashika moto, kikubwa, cha ovyo, kikajaza sebule. Binti alishtuka, kisha akakidandia, na kila mmoja alipotaka kunyamaza mwenzake alimwanzisha upya.

Mkunga aliporudi jua lilikuwa bado halijazama. Alisimama kizingitini, ufunguo mkononi. Sauti ya mwanaume ilikuwa inapasuka jikoni, kicheko ambacho hakuwahi kukisikia. Akaweka nywele sawa, akajipanga uso kwa ajili ya salamu, akaingia.

Sakafu ilikuwa dimbwi. Binti alikuwa na povu la sabuni nusu ya kichwa. Mumewe alikuwa anasugua sufuria.

"Nimesikia mtu," alisema akiangaza pembe zote. "Mgeni yuko wapi?"

"Hakuna mgeni humu, Mama," binti alijibu bila kugeuka, akipokea sahani.

Fundi aliinamisha kichwa, akaendelea kuisugua sufuria ile ile, iliyokuwa imeshatakata zamani.