Neno Alilolizuia Delfina

Mjini kwetu, kando ya mto Rubikoni, tarehe kumi na tano Machi haipiti kimya. Asubuhi tunaweka shada miguuni pa sanamu ya Juliasi Kaizari, karibu na daraja la mawe, na alasiri tunamchezea mchezo wake ukumbini. Mimi ni fundi umeme, lakini siku hiyo, ambayo ndiyo Kaizari aliuawa, huwa Bruto, rafiki yake aliyemchoma kisu, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine Delfina alinieleza mwenyewe.

Delfina alikuwa mwalimu wa Kilatini; nusu ya mji imepita mikononi mwake. Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyeandika mchezo wa Kaizari. Nyumbani kwake ana kabati zima la riwaya na tamthilia zinazomhusu mtu huyo mmoja, na kila Machi alikuwa akituhutubia maktabani jinsi waandishi walivyomgeuzageuza: huyu kamfanya mpenda wanawake, yule kamfanya dikteta, mwingine karibu amfanye mtakatifu. Wa kwake Delfina alikuwa mtu wa jiwe. Hakohoi, hacheki, akifungua kinywa ni amri. Tulimpigia makofi kwa heshima, na wazee wa mstari wa mbele walisinzia kwa heshima vilevile.

Mdogo wake, Oriella, ni msusi. Ndiye aliyekuwa akitutengeneza nywele kabla ya kupanda jukwaani, bila malipo. Desemba moja, kimyakimya, alipeleka daftari lake kwa kamati ya mchezo. Mchezo wake ulikuwa wa asubuhi moja tu: Kaizari kaketi, mkewe Kalpurnia anamchana vinywele vyake vichache, anavilaza mbele vifiche upara, huku akimsihi asiende barazani, kwenye mkutano wa wakuu wa Roma, kwa kuwa ameota ndoto mbaya. Bruto anangoja mlangoni. Basi. Mwenyekiti aliusoma akalia, na ukachaguliwa siku hiyohiyo.

Delfina alimkumbatia mdogo wake mbele yetu sote. "Hongera, mdogo wangu. Kuna makosa matatu ya tarehe, lakini hongera."

Kisha akaenda kwake na nakala, akaisoma mara mbili. "Ungekuwa mbaya ningelala usingizi mnono, Ivo," aliniambia baadaye. "Niliutafuta ubaya wake kama anayetafuta chawa. Sikuupata. Mtoto yule hakumaliza hata shule, na mimi nimekaa na Kaizari miaka arobaini, wala sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa na kichwa cha kuchanwa!"

Kamati, kwa kumstahi, ikampa kazi ya kukaa katika kijisanduku mbele ya jukwaa na kuwanong'onezea waigizaji maneno wakisahau. Akakubali. Akawa anakuja mazoezini na kalamu nyekundu, akitukosoa matamshi. Oriella mwenyewe ndiye aliyekuwa Kalpurnia. Kaizari alikuwa Learco, mwenye bucha, jitu la kilo mia lenye sauti ya radi na kumbukumbu ya kuku.

Wivu hauhitaji mbolea, lakini ule ulipewa. Siku moja muuza jibini sokoni alimkazia macho Delfina. "Wewe si ndiye dada yake Oriella?"

"Nimemfundishia watoto wanne," Delfina aliniambia. "Wanne, Ivo!"

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Ukumbi ulijaa, wengine wamesimama. Mimi nilikuwa pembeni mwa jukwaa, nikingoja zamu yangu. Oriella akaanza kuchana, na Learco, sijui alipata wapi, akawa mzee aliyechoka kweli. Hakuna aliyesinzia. Mama mmoja mstari wa tatu akatoa leso mapema.

Kalpurnia akasema, "Nitajie kitu kimoja tu kilicho kule barazani ambacho hapa nyumbani hakipo."

Jibu la Kaizari ndilo lililobeba mchezo mzima. Learco akafungua kinywa. Kimya. Akameza mate, akakitazama kijisanduku. Kutoka nilipokuwa nilimwona Delfina vizuri. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari uleule. Midomo yake ilikwisha kuachana. Akaifumba.

Jasho likamtiririka Learco hadi shingoni. Nikahesabu kumi, nikahesabu ishirini. Oriella akageuka taratibu, kitana mkononi, akatazama chini. Macho ya ndugu wawili yakakutana. Delfina hakuyakwepa, wala hakunong'ona.

Oriella akarudi kwenye nywele za mumewe. "Usijibu," akasema kwa sauti ya chini. "Najua utasema kule wanakuogopa, na hapa hakuna anayekuogopa. Nenda basi, lakini ngoja nimalize upande huu."

Halikuwemo kwenye daftari neno hata moja la hayo. Ukumbi ukalia. Mimi nikaingia kumchukua Kaizari huku nami machozi yananilenga, Bruto gani mimi!

Baadaye tulikula supu na chapati nyuma ya ukumbi. Learco alimwendea Delfina, kofia mkononi. "Nisamehe, Mwalimu. Najua uliniambia, masikio yangu ndiyo yaliyoziba kwa hofu."

Delfina akaweka kijiko chini. Kabla hajajibu, Oriella akawa amesimama mbele yake.

"Ulisinzia, dada?"

"Sikusinzia."

"Ukurasa ulikupotea?"

"Ulikuwa mbele yangu." Delfina akavuta pumzi. "Nilitaka uanguke. Mara moja tu, mbele ya watu."

Learco akavaa kofia yake.

"Miaka kumi na mmoja," Oriella akasema, "nimewatengeneza waigizaji wako. Nikikaa nyuma kule, nikisikia wanavyokusifu, roho ikiniuma kama kidonda. Unadhani wivu umezaliwa nao peke yako? Lakini sikuwahi kukuharibia hata unywele mmoja."

Akachukua koti lake, akaondoka.

Hawakusemezana hadi Pasaka ikapita. Delfina alikwenda buchani, akamwomba Learco radhi mbele ya wateja. Learco akamkatia nyama, akaifunga, akasema, "Sawa, Mwalimu," ila hakutabasamu, na mpaka leo akimwona hutangulia kutazama pembeni.

Septemba nilikuwa kwa Delfina nikimtengenezea swichi ya jikoni, mara Oriella akaingia bila kubisha, akatupa daftari mezani. "Wa mwakani. Kagua tarehe. Tarehe tu!" Akatoka.

Delfina alisoma akiwa amesimama, mpaka ukurasa wa mwisho, chai yake ikapoa. Nikaona taya lake limekaza.

"Vipi, Mwalimu?"

"Mzuri," akasema. "Mzuri kuliko ule. Balaa gani hili!"

Akaketi, akavuta kalamu nyekundu, akasahihisha tarehe mbili. Kisha akanituma nilirudishe daftari mimi, kwa sababu yeye, alisema, kwa siku hiyo hakuwa na uso wa kumpongeza mtu.