Ufunguo wa Mama Mkwe

Mama yangu, Eufrasia, alikuwa mweka hazina wa chama chetu cha msingi cha pamba. Mume wangu, Masunga, alikuwa katibu. Ghala la chama lilikuwa na kufuli mbili, na kila mmoja wao alishika ufunguo wake ili asiingie mtu peke yake. Waliopanga hivyo walisahau kwamba kwetu Usukumani mkwilima na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawapeani kitu mkononi. Hata njiani, mmoja hukata kichakani ili mwenzake apite.

Kwa hiyo kila asubuhi ufunguo wa mama niliupeleka mimi kwa Masunga, jioni nikaurudisha. Msimu mzima mama hakukanyaga ghalani, na kwa majirani alijisifu kwamba mkwilima wake ana adabu.

Adabu gani! Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na wenye mashine za kukamua mafuta wakawa wanagombea mbegu ya pamba kila kona ya Bariadi. Masunga akawauzia mbegu iliyowekwa kwa ajili ya wakulima kupanda. Magunia akayajaza pumba za mpunga. Pumba hizo nilizizoa mimi mashineni, akiniambia ni za kuchomea tofali. Sikuona tofali hata moja, wala sikuuliza. Wajinga ndio waliwao, watu husema, lakini mimi sikuwa mjinga. Nilikula naye.

Mvua za Novemba zikanyesha. Wakulima wakaja kuchukua mbegu, wakafungua magunia, wakakuta pumba. Polisi wakawachukua wenye funguo wote wawili.

Mahakamani wakawekwa kizimba kimoja. Mama alijifunika khanga hadi machoni, akageukia ukutani. Hakimu akamuuliza kama aliwahi kuingia ghalani. Hakujibu, maana kujitetea kwake kungekuwa kumshtaki mkwewe. Masunga yeye alijibu vizuri sana: mweka hazina ndiye aliyekuwa akija kufungua, naye katibu alifuata tu maagizo. Mama yangu huyu, anayekata kichakani kumpisha! Nilitamani kumrukia.

Nikaitwa. Hakimu akaniambia sheria hainilazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu. Nikitaka, nirudi nikakae.

"Kaa, Scola," mama akasema ndani ya khanga. "Una watoto watatu, watalelewa na nani? Mimi nimeshazeeka, acha nifungwe."

"Sikai, mayu."

Nikaeleza ufunguo ulivyopita mkononi mwangu. Nikaeleza pumba, na lori lililokuja kupakia mbegu mchana kweupe. Hakimu akaniuliza kama najua kwamba najitia matatani mwenyewe. Nikamwambia najua, aandike.

Siku ya hukumu mama aliachiwa. Masunga akapata miaka mitano. Mimi nikaambulia karipio, na watu wa ukoo wa mume wangu wakanitemea mate mlangoni.

Kabla askari hawajamchukua Masunga, mama alishusha khanga. Nilidhani sasa atamwambia ukweli wake. Badala yake akapiga magoti mbele yake, macho chini, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia wakubwa.

"Baba, utusamehe," akasema. "Huyu mtoto nilishindwa kumfunda."

Masunga akamsamehe. Nami nikalia kwa hasira mbele ya watu wote, wakadhani namlilia mume.