Mji wa Mlimani Usio na Mlima

“Italia? Mama, kule mimi natembea kama jikoni kwetu.”

Ndivyo Hénock alivyomwambia Mama Thérèse wa Bukavu, mama yake Murielle, binti anayemposa. Kumbe fundi suti huyu wa Berea, Johannesburg, tangu aivuke Limpopo kuja kusini, hajavuka maji mengine. Lakini Octave, mposaji mwenzake, anaishi Brussels, na Jumapili familia itatoa jibu. Ulimi ukamponza.

Mama hakusahau. “Si ulisema Januari hii unarudi kule? Basi nipigie video, nione huo mji wa mlimani unaousifia.”

Jumamosi asubuhi, kwenye joto la kukausha dagaa, Hénock akaingia kwenye kasino iliyojengwa mfano wa kijiji cha kale cha Kitaliano. Alivaa koti zito la sufu, maana Januari ya Ulaya ni baridi. Ndani kulikuwa na vichochoro vya mawe, nguo zilizoanikwa madirishani, na dari iliyopakwa rangi ikawa mbingu. Akapiga.

“Mbona mawingu hayatembei?”

“Huku hakuna mwenye haraka, mama.”

“Na mlima uko wapi? Panda, nione mizabibu.”

Eish. Akapanda ngazi za umeme huku akijitia kuhema. Juu palikuwa na maegesho ya magari. Akageuza simu upesi.

“Unatoka jasho kwenye baridi?”

“Ni kupanda huku, mama.”

Mama gani huyu, Hénock alijiuliza. Hata askari wa mpakani hawana maswali mengi hivi.

“Haya, shuka, ingia kanisani uniwashie mshumaa. Octave nilimwomba, akasema hana muda.”

Hapo sasa angekataaje? Akashuka. Kanisa lenyewe lilikuwa mlango uliochorwa ukutani. Akapiga magoti mbele yake, simu juu, akafumba macho na kuanza Baba Yetu kwa sauti.

Mkono ukamgusa begani.

“Ndugu Hénock, huo ni ukuta.”

Alikuwa mlinzi wa pale, Ezéchiel, shemasi wa kanisa lao la kitongoji cha La Rochelle, mjini humo humo, aliyekulia mtaa mmoja na kina Murielle kule Bukavu. Akachungulia simu, uso ukamng'aa. “Jambo, mama.”

“Ezéchiel? Na wewe uko Italia?”

Hénock akamkonyeza. Akamkanyaga kiatu. Shemasi akautazama mguu ule, akautazama na ukuta.

“Hapana, mama. Niko kazini, hapa hapa Johannesburg. Nilikuwa namuuliza ndugu huyu anamwomba nani.”