Gari la Baba Linakunywa Oili

Mimi kosa lisilo langu silibebi. Hata lililo langu nalikubali shingo upande, baada ya kubishana kwanza. Watu wa gereji wanalijua hilo, na nyumbani wanalijua zaidi. Kwa hiyo Baba alipoanza kutangaza mtaa mzima kwamba gari lake linakunywa oili tangu binti yake aishushe injini, damu ilinichemka.

Injini hiyo niliishusha kwa mikono yangu hii. Siku sita nzima. Nilibadilisha ringi za pistoni, sili, gasketi, kila kilichochoka. Nikakaza bolti moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake, nikamimina oili mpya, nikamkabidhi mzee ufunguo. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kinyozi wa jirani na gereji akaniuliza, "Eti Spana, gari la mzee lina nini?" Spana ndilo jina langu tangu utotoni, na aliyenipa ni Baba mwenyewe. Wiki ya tatu mwenye malori, mteja wangu wa miaka mingi, akaahirisha kuniletea injini yake. Alisema yuko safarini. Safari gani, na asubuhi ile ile nilimwona dukani ananunua mkate?

Niwaeleze kidogo kuhusu Baba. Aliendesha malori miaka arobaini na mmoja, na hajawahi kugusa hata kioo cha mtu. Alipostaafu alibaki na gari dogo jeupe, na kazi mbili: kumpeleka Mama kliniki kwa ajili ya magoti yake, na kumpeleka mwanangu shule. Binti yangu ana miaka saba. Kila asubuhi kabla ya chai, Baba hupima oili. Iwe mvua, iwe jua, awe na homa, oili itapimwa.

Mimi alinifundisha nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda, maana sikuifikia injini. Gari lilale sawa, injini iwe baridi. Unachomoa kijiti cha kupimia, unakifuta kwa tambara, unakirudisha mpaka mwisho, unakichomoa tena, ndipo unasoma. Mara ya kwanza haihesabiki, kwa sababu kijiti kinatoka kimepakwa oili kotekote. Ikiwa kati ya alama ya chini na alama ya juu, funga boneti uende zako. Ikiwa chini, ongeza kidogo. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na mzaha nayo: kila dereva apime kwa macho yake. Alikuwa akisema dereva anayemuuliza mwenzake oili imefika wapi, arudishe leseni.

Basi, Ijumaa moja nilidamka, nikaenda kwake kabla ya chai. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na uzio tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilitaka anioneshe kwa macho yangu hiyo oili inayopotea, halafu nimwambie maneno mawili matatu kuhusu watu wanaoharibu jina la mtoto wao kwa kinyozi.

Nilimkuta ameshafungua boneti, tambara begani. Chini ya gari kulikuwa na doa jeusi la oili iliyodondoka. Hilo lilinishtua kidogo.

"Umeliona doa?" akasema bila kunisalimu. "Na jana lilipowaka lilitoa moshi wa bluu, mama yako akafunga madirisha. Hizo ndizo ringi zako."

"Pima tuone, Baba."

Akachomoa kijiti. Akakifuta. Akakirudisha, akakisukuma kwa kidole gumba mpaka mwisho, vilevile kama alivyonifundisha. Akakichomoa tena na kukiinua usawa wa uso.

"Kavu," akasema.

Nilikuwa nimesimama begani kwake. Kijiti hakikuwa kikavu. Oili ilikuwa imepita alama ya chini, ikapita alama ya juu, ikapanda tena vidole viwili. Ilikuwa safi bado, rangi ya chai ya rangi, na ilikuwa inateremka polepole kuelekea ncha.

"Kavu?" nikauliza.

"Si unaona? Jana nimeongeza, juzi nimeongeza. Leo kavu tena. Linakunywa hili."

Tone likajikusanya kwenye ncha ya kijiti, likamdondokea juu ya kiatu. Hakulitazama. Aliendelea kukikazia macho kile chuma, akakisogeza karibu na pua, akakigeuzia kwenye mwanga, na paji la uso likajikunja. Kisha akainama, akachukua galoni, akamimina kikombe kizima cha oili kwenye injini iliyokuwa imejaa mpaka shingoni.

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari, na maneno yangu yote nilikuwa nimeyapanga. Nikayameza.

Kwa wasiojua, injini iliyojazwa oili kupita kiasi inaipiga mpaka inatoa povu, inaisukuma kwenye sili ikavuja, inaiunguza ikatoa moshi wa bluu. Ukiangalia juu juu utaapa ni ringi mbovu. Moshi ulikuwepo, doa lilikuwepo, hata mimi nilishaanza kuishuku kazi yangu. Kumbe aliyekuwa anaijaza ni yeye, kikombe kwa kikombe. Zamani oili ya gari lile ilikuwa nyeusi, na nyeusi juu ya chuma cheupe aliiona. Mimi ndiye niliyemwaga ile nyeusi nikaweka safi. Hiyo safi macho yake hayakuikamata.

Mwanangu akatoka na begi lake mgongoni, akaelekea mlango wa gari kama kila siku.

"Leo tunaenda kwa miguu," nikamwambia. "Gari la babu linavuja."

"Linavuja kwa sababu ya nani?" Baba akauliza. Sikumjibu. Hilo peke yake lingetosha kumshtua.

Njiani mtoto alinuna. Nikamuuliza ana nini.

"Leo sitapata peremende."

"Peremende gani?"

"Ya mchezo wa taa. Tukifika kwenye taa za barabarani, Babu ananiuliza imewaka rangi gani. Nikipatia, ananipa peremende."

"Na wewe huwa unapatia?"

"Kila siku. Nilikosea mara moja tu, nilikuwa natafuta penseli yangu. Lori likapiga honi, Babu akasema neno baya."

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara. Mtoto akadhani nafunga kamba ya kiatu, akanisubiri. Niliogopa, nisidanganye, kisha nikamkasirikia Baba, kisha hasira ikakosa pa kukaa. Nikainuka, nikampeleka shule. Saa nne nikaenda na kamba, nikalivuta lile gari mpaka gereji.

Ukweli ulikuwa wa kusemwa kwa sentensi moja. Lakini nilimjua kaka yangu. Kaka yangu ni meneja wa ofisi, na sisi tunamwita Meneja hata nyumbani. Ana sauti fulani anayoitumia kwa wateja waliopoteza risiti, ya upole kabisa, na tangu Baba astaafu ameanza kuitumia na kwake. Niliisikia kichwani: mzee, sasa tulia, mzee, tuachie sisi. Miaka arobaini na mmoja bila kugusa kioo cha mtu, halafu aje asemeshwe hivyo. Sikutaka. Na gari lisitembee tena, hilo nalo halikuwa na mjadala.

Jumapili tulikaa kwa Baba sebuleni, yeye, Mama, Meneja na mimi. Mama akamimina chai. Meneja akauliza, "Haya fundi, umegundua nini?"

"Kosa ni langu," nikasema. "Ringi nilizifunga vibaya, zimekwangua silinda. Injini imekwisha. Gari halitembei tena."

Lilitoka kirahisi kuliko nilivyotegemea.

"Nilisema tangu mwanzo lipelekwe kwa fundi wa kweli," akasema Meneja.

Nilikunywa chai ya moto, ikaniunguza ulimi, nikashukuru kupata kitu cha kuuma. Mama alinitazama mimi, akamtazama Baba, akarudi kukoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka. Baba akainua kichwa. Uso wake ulikuwa umeelekea upande wangu, si kwangu hasa, upande wangu.

"Kosa lako?" akauliza.

"Langu."

"Hubishi?"

"Sibishi, Baba."

Akapapasa kutafuta kisahani kwanza, kisha akaweka kikombe.

Jumatatu nilifanya kazi vibaya siku nzima. Kinyozi alikuja kuniambia pole, maana Meneja alinyoa kwake Jumapili jioni na habari zikafika kabla ya nywele kufagiwa. Mwenye malori naye alipiga simu kusema injini yake ameipeleka kwingine, nisije nikamwona mbaya. Nikasema simwoni mbaya. Gari la Baba lilikuwa pembeni, sikuwa nimeimwaga ile oili. Sikuwa na moyo wa kuigusa.

Jumanne asubuhi, kinyozi akiwa amekaa kwenye benchi letu anakunywa chai yake, na mwenye malori amekuja kuchukua jeki aliyoisahau kwangu, nilimwona Baba anaingia getini kwa miguu. Mama alikuwa amemshika mkono, akichechemea kwa magoti yake. Baba alivaa shati la kazi la zamani, lile la mifuko miwili, limepigwa pasi. Sikumbuki lini nilimwona Baba akifika mahali kwa miguu.

"Gari langu liko wapi?"

Nikamwonesha. Akalifuata kwa mkono, akitelezesha kiganja ubavuni mwake mpaka mbele, akafungua boneti. Mafundi wenzangu wakaacha kugonga. Baba akatoa tambara mfukoni. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakisukuma kwa kidole gumba, akakichomoa tena. Akakiinua. Alikitazama muda mrefu sana.

Kisha akaninyooshea.

"Imefika wapi?"

Mama aliangalia chini. Mimi nilisikia lile swali, nikajifanya sijalisikia.

"Baba, tuingie ndani kwanza tuongee."

"Soma hapahapa. Soma kwa sauti. Hawa watu wawili niliwaambia mimi, na wasikie kutoka kwangu."

Nikakishika. Oili ikanichuruzikia kidoleni.

"Imepita alama ya juu," nikasema. "Vidole viwili."

"Nani aliijaza?"

Nikakifuta kidole kwenye ovaroli.

"Niliijaza mimi," Baba akawaambia kinyozi na mwenye malori, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia nayo watu kwamba ringi zangu ni mbovu. "Kila asubuhi. Nilikuwa naona kavu. Mkono wa fundi hauna kosa." Akanigeukia. "Na wewe. Tangu uzaliwe hujawahi kukubali kosa bila kubishana. Ulivunja sahani ya mama yako mbele ya macho yangu ukasema ni upepo. Jumapili umekubali kabla chai haijapoa. Nilikaa usiku mzima najiuliza, huyu ananificha nini."

"Sikutaka Meneja…"

"Najua hukutaka. Mtoto naye nimemuuliza kuhusu mchezo wetu. Akaniambia mama yake alikaa barabarani." Akakohoa, akaifuta pua kwa tambara la oili, likamwachia mstari mweusi juu ya mdomo. "Ningemuua, Spana. Ningemuua kwa peremende."

Nilitaka kubisha. Hilo ndilo kosa pekee la Baba ambalo ningelibishia mpaka jioni. Nililia tu, mbele ya wateja, na ovaroli langu chafu.

Mwenye malori aliivua kofia, akaivaa tena. Mama akasema Alhamisi wanaenda kwa daktari wa macho, wataenda na basi, na asitokee mtu wa kumkatalia.

Baba alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa leseni yake, akaiweka juu ya betri ya gari.

"Nimeuliza imefika wapi," akasema.

Halafu akanyoosha mkono nimrudishie kijiti. Nikampa. Akakifuta vizuri, juu mpaka chini, akainama juu ya injini kutafuta tundu lake. Mara ya kwanza ncha iligonga chuma. Mara ya pili ikateleza pembeni. Nilisogea nimsaidie, Mama akanishika mkono, akanizuia. Mara ya tatu kikaingia mpaka mwisho, naye akafunga boneti mwenyewe.