Zulia la Lifti

Winifred Ockenden hakuwa mtu wa kusamehe. Wengine wakizeeka hulainika. Yeye alizidi makali. Siku ya mkutano wa mwaka alitangulia kushuka kwenye sebule ya pamoja ya jengo la Larkfield, pale Bexhill, Uingereza, akachemsha chai mwenyewe, birika kubwa.

Wakazi wote wa Larkfield walikuwa wazee, na kila mmoja alinunua makazi yake kwa akiba ya maisha yake yote. Lakini walichonunua ni mkataba wa kukaa miaka mingi. Jengo lenyewe lina mwenyewe. Paa likivuja au lifti ikifa, wakala wa mwenye jengo ndiye huchagua fundi, na wazee ndio hulipa. Wakala huyo, Craig Lomas, aliingia na viatu vinavyong'aa na ulimi wa asali.

"Win, mpenzi wangu! Unazidi kuwa msichana."

"Karibu chai, Craig."

Akammiminia kikombe, akaongeza cha pili, na cha tatu akamletea mpaka mkononi. Stan Gribble, dereva wa basi mstaafu, akamsogelea sikioni.

"Kulikoni leo? Unamkirimu huyu mwizi kama mkwe."

"Kunywa yako, Stan."

Winifred alikuwa akimfikiria Hilda Pelling, jirani yake wa ghorofa ya tatu, mwalimu mkuu wa zamani, asiyefungua mlango kabla hajapaka rangi ya midomo. Mwezi wa Desemba, wenzake wote walipokwenda mji jirani wa Eastbourne kula chakula cha Krismasi, Hilda alibaki na mafua. Lifti ikamkwamia kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Alibonyeza kengele. Kengele hiyo hulia katika ofisi ya msimamizi wa jengo, na Lomas alikuwa amemwachisha kazi msimamizi ili kupunguza gharama, ingawa ada ya huduma waliyolipa wazee haikupungua hata senti. Wenzake waliporudi na mlango ukafunguliwa, Hilda alikuwa amesimama pembeni, sketi imelowa, amekaza macho ukutani.

Wiki iliyofuata Lomas alimpelekea bili ya kusafisha zulia la lifti. Hilda akalipa. Hakutoka tena chumbani mwake, na kabla maua ya masika hayajachanua walikwisha kumzika. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Winifred alijua ni aibu.

Sasa Lomas alisimama, akaweka simu yake mezani, akatabasamu.

"Habari njema, wapendwa. Lifti imefanyiwa matengenezo kamili. Kilichobaki ni kila mmoja kuchangia sehemu yake."

Minong'ono ikazagaa. Fundi alikuja kweli, akaacha kioo kipya, zulia jipya na harufu ya rangi. Baada ya hapo Stan alijaribu kwenda ghorofa ya tatu mara mbili, na mara mbili alitolewa na zimamoto. Lomas hakuyajua hayo, kwa kuwa barua za wazee hakuwa akizisoma, na lifti ya Larkfield hakuwahi kuipanda.

"Imepona?" Winifred akauliza.

"Kama mpya."

"Basi panda mpaka ghorofa ya tatu, ushuke. Ukirudi salama tunalipa wote leo leo, bila maneno."

Stan alifungua mdomo. Winifred akamkata jicho, naye akaufunga.

"Hilo tu?" Lomas akacheka, akamalizia kikombe chake cha nne, akaingia, simu akaiacha mezani.

Lifti ilipanda ikinguruma, kisha ikanyamaza. Punde kengele ikaanza kulia ndani ya ile ofisi iliyofungwa, ng'ambo ya korido. Watu wakaendelea na biskuti zao.

"Win!" Sauti ilishuka kupitia shimo la lifti. "Imekwama! Ita fundi!"

Winifred alivuta kiti, akakaa mlangoni pa lifti.

"Tutamwita, mpenzi. Ila sheria ni sheria. Kwanza notisi kwa wakazi wote, siku thelathini za kutoa maoni, halafu makadirio ya mafundi wawili. Si ndivyo ulivyonijibu nilipokuomba ana kwa ana uhamishie kengele mahali penye mtu?"

"Mimi nahitaji muda wa kutafakari," Stan akadakia, na sebule nzima ikaangua kicheko.

"Acheni utani! Nimebanwa!"

"Na nini?"

"Na mkojo!"

"Pole. Jitazame kwenye kioo. Kizuri, tena tumekilipia sisi."

Aliomba, akatukana, akaomba tena. Vicheko vikapungua kimoja kimoja. Stan akasogea.

"Win, yatosha sasa. Niwapigie zimamoto."

"Bado."

Hatimaye huko juu pakawa kimya, na kimya hicho Winifred alikuwa anakingojea. Ndipo akanyanyua simu akawapigia zimamoto mwenyewe. Alidhani roho itamsuta. Haikumsuta. Aliona utamu, akaumeza wote.

Zimamoto waliishusha lifti taratibu mpaka chini. Lomas alitoka amekinga mkoba mbele ya suruali, viatu vyake vikilia maji. Hakuna aliyecheka. Stan alitazama dirishani.

"Zulia..." Lomas alisema kwa sauti ndogo. "Nitalilipia."

"Utalilipia. Na lile la Hilda?"

Akamtazama, macho yamemtoka, akilitafuta jina hilo kichwani kwa dhati kabisa.

"Hilda yupi?"

Chumba kizima kikamgeukia. Hata Stan aligeuka kutoka dirishani. Winifred akasukuma kiti mbele.

"Kaa, Craig."

"Win, tafadhali, niache niende nyumbani nikabadili..."

"Kaa hivyo hivyo ulivyo. Mkutano haujaisha."

Akakaa. Winifred akainua birika, akammiminia kikombe kingine.