Bega la Kushoto

Siku mama alipofariki, baba alilia mara tatu, na kila mara ilikuwa ndiyo mara ya kwanza.

Saa sita mchana alilia wodini, ameshika chuma cha kitanda. Wakiwa njiani kurudi nyumbani akamuuliza binti yake mbona wamemwacha mama peke yake hospitalini. Binti akamwambia tena, naye akalia tena. Jioni alikuta sebule imejaa watu, akauliza msiba ni wa nani. Alipoambiwa, safari hii alilia ameketi sakafuni. Hapo binti akaapa moyoni kwamba hamwambii tena. Kesho yake makaburini mzee alivua kofia kwa heshima zote, akamwinamia binti yake sikioni.

"Marehemu tunamfahamu?"

"Kidogo, baba."

Tangu hapo mama akawa "amekwenda kwa dada yake". Mzee akiuliza asubuhi hujibiwa hivyo, na mchana hivyo hivyo. "Ah, hao wawili wakikutana maneno hayaishi," husema, akacheka. Binti hucheka naye, kisha huingia jikoni kulia. Alikuwa mtoto wa pekee. Nyumba ilikuwa na wafiwa wawili, na mmoja hakuwa na habari. Alichotamani ni kitu kimoja tu: aomboleze na baba yake, hata kwa siku moja.

Baba alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Bila Futi kwa sababu hakumpima mtu. Ukiingia dukani alikutazama mara moja, juu hadi chini, basi; wiki ijayo gauni lilikukaa kana kwamba ulizaliwa nalo. Ugonjwa wa kusahau ulipomwanza, miaka miwili nyuma, ulimnyang'anya majina, tarehe, hata chai aliyoimaliza sasa hivi. Mikono haikuguswa. Daktari alimweleza binti kwamba kuna kumbukumbu ya mambo ambayo mtu anaweza kuyasimulia, na kuna nyingine iliyo mwilini, ambayo mwenyewe hajui kama anayo. Hiyo ya pili huchelewa kuharibika.

Nyumbani mzee alikuwa akizunguka tu kama aliyepoteza funguo, kwa hiyo wiki ya tatu binti alifungua duka. Yeye ndiye aliyekuwa akitia vifungo na kupinda mapindo tangu alipomaliza shule. Mteja wa kwanza akawa jirani yao mwalimu, mama mwenye mwili na maneno, na kitambaa chake cha kijani chenye maua madogo.

"Fundi, leo nipime kwa futi. Nimeongezeka."

"Futi ni ya kupimia viwanja. Wewe nimeshakuona."

Alipokuja kulijaribu, gauni lilimkwama kifuani, mikono imeelekea dari.

"Fundi wee! Hili umemshonea nani? Mimi hata mguu mmoja hauingii!"

"Umenenepa tangu wiki iliyopita," mzee akasema kwa upole.

"Wiki moja! Kwani nimekula cherehani?"

Walicheka wote watatu. Binti alikuwa bado anacheka alipolikunjua mezani alifumue, mpaka vidole vyake vikafika mabegani. Bega la kushoto lilikuwa limeshushwa kwa upana wa kidole kimoja.

Mama alivunjika mfupa wa bega utotoni, ukaunga vibaya. Kwa miaka thelathini na tano baba alimshonea nguo zake zote hivyo, bila kulitaja, ili mkewe aonekane amenyooka.

Binti akamnunulia mwalimu kitambaa kingine. Nacho kikatoka na bega chini, na kiuno kimepungua. Cha tatu kikapungua zaidi. Mwalimu hakusubiri cha nne. Binti akaenda kwenye kabati la mama, akalinganisha magauni hayo na yale ambayo baba aliyapunguza mwaka ule wa mwisho, mama alipokuwa akikonda. Yalilingana mshono kwa mshono. Akili ya baba haikuwahi kushika kwamba mkewe anaumwa. Mikono ilijua.

Hapo akaingiwa na tumaini. Asubuhi iliyofuata alimwekea baba mezani gauni la mwisho la mama, lile lililorudi kutoka hospitalini.

"Baba, hili la nani?"

Mzee alipitisha kidole gumba kwenye bega la kushoto, kisha kiunoni. Akalirudia bega mara ya pili.

"La mama yako. Amekonda hivi?" Akainua macho. "Hayupo, siyo?"

"Hayupo, baba."

"Nilijua," akasema. "Sijui nilijuaje."

Akaziba uso kwa lile gauni. Binti akavuta kigoda karibu, akaegemea bega la baba, na kwa mara ya kwanza wakalia pamoja. Alimsimulia jinsi mama alivyoomba maji, jinsi alivyomuulizia mzee wake. Baba aliitikia kila neno, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo." Ilikuwa kama robo saa. Kisha pikipiki ikapiga honi nje, mzee akageuka kutazama barabarani. Alipogeuka tena, alimkuta binti yake analia.

"Nani amekuudhi, mwanangu?"

Binti alimtazama. Machozi ya mzee yalikuwa bado yanateremka, naye akayapangusa kwa kiganja, akakishangaa kilivyolowa.

"Nimejikata na mkasi, baba."

"Lete nione." Akachana kipande cha kitambaa, akamfunga kidole kisicho na jeraha, kwa ustadi. "Mama yako akirudi atasema sikuangalii."

Siku hizi wateja wanakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kila Jumatatu baba anashona lile gauni la kijani, bega la kushoto chini, na binti anatia vifungo. Jumamosi binti analifumua, anavipiga pasi vile vipande, na Jumatatu anamrudishia vilevile.