Usukani wa Mzee Barafu

Usukani wa pikipiki ulipoanza kupigapiga, baba alifanya kama nilivyomwambia. Aliukaza. Alibana viwiko, akauma meno, akaushika kama mtu anayemzuia beberu kwa pembe. Kadiri alivyoukaza ndivyo ulivyozidi kucheza, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka njia ikampotea machoni. Akabana breki. Kilichofuata hakukiona, alisimuliwa na mwuza matunda aliyemwokota.

"Nilishika kwa nguvu, mwanangu," aliniambia kitandani hospitalini, shingo imezungushiwa kola ngumu. "Kwa nguvu zangu zote."

Alisema kama anayetoa ripoti kwa mkubwa wake wa kazi.

Mimi ni fundi pikipiki, mwaka wa kumi na nne sasa. Mbele za watu baba aliniita fundi. Tukiwa wawili, mama. Alipostaafu ukarani wa bohari alikataa kukaa barazani kuhesabu magari, akaomba kazi ya kubeba sampuli za damu kutoka zahanati ndogondogo kwenda maabara ya hospitali. Nyuma ya pikipiki alifungiwa kasha la barafu. Watu wakamwita Mzee Barafu, na jina hilo akalipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Jumatatu ya wiki ile alikuja karakana, kofia ngumu kwapani, akasimama mlangoni kama mgeni. Nilikuwa nimefungua pikipiki nne, tumbo tupu tangu asubuhi, magoti yanawaka.

"Fundi, hii kitu imeanza kukataa kichwa. Nikitoka ile zahanati ya mlimani, nikivuta mafuta kwa nguvu niingie barabara kuu, usukani unatikisika."

"Tangu lini?"

"Tangu waniwekee kasha kubwa."

Jibu alikuwa amelileta mwenyewe, limeiva. Sikuinua hata kichwa.

"Barabara yenyewe mbovu, baba. Wewe shika kwa nguvu tu. Njoo Jumamosi nitaiangalia."

"Haya, mama. Umekula?"

"Nitakula."

Alianguka Alhamisi.

Ajali haina kinga, waliniambia waliokuja kutupa pole, nami nikaitikia. Hii ilikuwa nayo. Nami niliijua.

Pikipiki ililetwa juu ya mkokoteni. Niliifunika turubai, na kwa wiki mbili nikawa nazunguka upande wa pili wa karakana ili nisipite karibu nayo. Jumapili moja asubuhi, peke yangu, nililitoa lile turubai. Niliinua gurudumu la mbele kwa gogo chini ya injini, nikashika kwa mikono miwili miguu ya chuma inayobeba gurudumu hilo, nikavuta na kusukuma. Ko. Ko. Beringi za usukani zilikuwa zimelegea, zimechimbika. Tairi la nyuma lilikuwa limelika katikati mpaka likawa bapa. Na kasha lile kubwa lilikuwa limefungwa juu, nyuma kabisa ya ekseli, hivyo kila baba alipovuta mafuta, uzito wote ulikimbilia nyuma, gurudumu la mbele likabaki linaelea. Shimo dogo tu lilitosha kulitia kiwewe.

Nusu saa. Kuyajua yote hayo kulinichukua nusu saa.

Nilitia beringi mpya, nikazikaza mpaka ule mchezo ukaisha lakini usukani ukaendelea kugeuka kwa wepesi. Nilibadilisha tairi, nikapima upepo. Nilichomelea kibebeo kipya, cha chini, kilichosogea mbele, chenye nafasi ya makasha mawili madogo ubavuni. Kisha nikayajaza mawe, uzito wa barafu, nikapanda mpaka mlima uleule.

Mikono yangu ilitaka kukaza. Niliilegeza. Nilibana tangi kwa magoti, nikainamia mbele, nikavuta mafuta. Mara moja. Mara ya pili. Mara sita. Usukani ulitulia tuli. Sikuona furaha yoyote. Nilikaa kwenye nyasi kando ya barabara, nimechoka kama niliyelima ekari nzima, na ilinichukua muda kuinuka.

Jioni nilienda kwa baba. Alikuwa amesharudi nyumbani, ameegemezwa mito miwili.

"Baba, haikuwa barabara."

Alingoja.

"Nilikuwa najua cha kukagua. Na kukaza mikono ndiko kulikozidisha. Nilikuwa nimechoka, nikasema tu lililokuja mdomoni."

Aliutazama ukuta. Shingo haikumruhusu kutazama kwingine.

"Ungesema umechoka, mama," akasema, "ningengoja."

Nililia. Hakuninyamazisha. Nilipomaliza, akaniomba nimletee ufagio. Akaushika kwa mikono miwili, mbele ya kifua.

"Haya, nifundishe. Ikianza tena?"

"Legeza mikono, kama umeshika kifaranga. Breki usiiguse. Punguza mafuta polepole, kifua mbele. Ukiiacha, inajinyoosha yenyewe."

"Kumbe kazi yangu ilikuwa kutoiingilia."

"Ndiyo, baba."

"Mama yako aliniambia hivyo miaka thelathini."

Alirudi kazini mwezi wa tano baada ya ajali. Wakubwa zake walisita, mimi nilisita zaidi, lakini daktari alisema anaweza. Shingo tu ndiyo haikugeuka tena kulia. Asubuhi hiyo alikaa juu ya pikipiki mbele ya karakana, akaniomba nimwekee sawa kioo cha upande wa kulia.

"Kidogo nje. Zaidi. Umepitiliza, rudisha." Nilikisogeza kwa kidole kimoja, nikarudi nyuma kusimama pale magari yanapotokea.

"Hapo hapo," akasema bila kugeuka. "Sasa nakuona."